Kebo ya faiba ya nje jijini Dar: ADSS, OPGW, kebo ya nane au ya kuzika?

Maombi mengi ya bei ya kebo ya faiba huandikwa hivi: kebo ya nje, nyuzi 48, kilometa 20. Muuzaji anatoa bei, mnunuzi analinganisha bei ya mita moja, na wa chini kabisa anapewa kazi. Ombi la namna hiyo limeacha jambo kubwa kuliko yote: kebo itapita wapi, itashikwa na nini, na jirani yake kuna umeme wa kilovolti ngapi. Kwa Dar es Salaam hayo matatu ndiyo yanayochagua kebo. Idadi ya nyuzi ifuate baadaye, na bei ya mita ije mwisho.

Kioo chenyewe kisikusumbue. Karibu kebo zote za nje zinazouzwa sasa zina nyuzi za kiwango cha G.652.D cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zenye upotevu wa mwanga wa takriban desibeli 0.35 kwa kilometa kwenye nanomita 1310 na takriban 0.2 kwenye nanomita 1550. Kutoka Ubungo hadi Mbagala, hata kebo ikizungushwa hadi ifike kilometa 25, kioo kitakula desibeli tano hivi kwenye nanomita 1550, na vifaa vya kawaida vinazimudu. Kwa hiyo anayekuuzia kioo cha gharama zaidi kwa mradi wa ndani ya jiji, kwa sababu eti kinapoteza mwanga kidogo, anakuuzia kitu usichokihitaji. Isipokuwa kwenye kebo nyembamba inayoingia nyumbani kwa mteja, inayopindishwa kwenye kona za kuta na fremu za milango: hapo dai G.657, ambayo inavumilia mikunjo. Mjini, mwanga hupotea zaidi kwenye viungo vibaya na kwenye kebo iliyokunjwa kupita kiasi. Nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara 20 ya unene wa kebo wakati wa kuivuta, na mara 10 ikishatulia. Vibarua wengi hawajawahi kuambiwa hivyo, na ni kazi ya msimamizi kuwaambia kabla dramu halijafunguliwa.

Tofauti zote nyingine ziko nje ya kioo.

Tuanze na nguzo za mtaani, maana ndiko kazi nyingi ziliko. Nguzo za usambazaji za TANESCO, za miti na za zege, zinabeba umeme wa majumbani na laini za kilovolti 11 na 33. Hapo wanaoshindana ni wawili: kebo ya nane na ADSS, yaani kebo inayojibeba yenyewe bila chuma.

Kebo ya nane imeitwa hivyo kwa sababu ukiikata unaona umbo la namba 8: juu kuna waya wa chuma unaobeba uzito, chini kuna kebo yenyewe, na vyote viwili vimevishwa ganda moja la plastiki nyeusi. Ni rahisi, fundi yeyote anaielewa, vishikizo vyake vinapatikana kwa urahisi, na kwa nguzo zilizoachana mita 50 hivi inafanya kazi vizuri. Kwenye nguzo zako mwenyewe, ndani ya eneo la chuo, kiwanda au mtaa usio na laini ya msongo wa kati juu yake, sina neno baya juu yake.

Shida yake ni chuma. Waya ule unapaswa kuunganishwa na ethi, na ethi hiyo iwe nzima miaka yote. Kondukta, yaani waya wa umeme, ya kilovolti 33 ikikatika na kuulalia, umeme una njia ya chuma ya kusafiria hadi mahali ambapo fundi wa mawasiliano amesimama kwenye ngazi akiwa na koleo mkononi. Na hata bila ajali, waya mrefu wa chuma unaokwenda sambamba na laini ya umeme kwa kilometa kadhaa unavuta umeme wa kuambukizwa. Pwani inaongeza la kwake. Chumvi ya baharini inakula zinki iliyopakwa chuma, na waya ukianza kupata kutu pale ulipochubuliwa na kishikizo, hauchukui muda. Masaki, Msasani na Kunduchi ni sehemu za kulifikiria hilo mapema.

ADSS haina chuma hata kidogo. Uzito wake unabebwa na nyuzi za aramidi zilizozungushwa ndani ya ganda, nyuzi zilezile za njano zinazotumika kwenye fulana za kuzuia risasi. Haihitaji ethi, haisafirishi umeme kwa ndani, na inaweza kufungwa kwenye nguzo huku laini ya umeme ikiendelea kufanya kazi, kwa kufuata taratibu za mwenye laini. Kwa nguzo zinazobeba kilovolti 11 au 33, mimi naichagua ADSS bila kusita, hata ikiwa bei yake ya mita iko juu. Uhai wa fundi hauwekwi kwenye mizani na bei ya mita.

Ila ADSS ina masharti ambayo kebo ya nane haina. La kwanza ni umbali kati ya nguzo na nguzo. ADSS inatengenezwa kwa umbali maalumu: kuna ya mita 100, ya 200, ya 400, na kuendelea hadi ya mamia mengi ya mita kwa minara mikubwa. Zote kwa nje zinafanana, nyeusi na duara. Tofauti iko kwenye wingi wa aramidi, na aramidi ndiyo inayokula pesa, kwa hiyo ndiyo inayopunguzwa na anayetaka kushinda zabuni kwa bei. Ukichukua ya mita 100 ukaivusha bonde lenye mita 250, itabonyea, kioo kitabeba mzigo usio wake, na pale inapokatiza barabara itashuka hadi usawa wa malori. Barabara ya Mandela ina malori ya makontena ya bandarini mchana na usiku. Kebo iliyobonyea pale ina siku zake za kuhesabika.

La pili ni vishikizo. ADSS hushikwa kwa vishikizo vya nyaya zilizosokotwa zinazoizunguka kwa urefu, ili mzigo ugawanyike. Ukiibana kwa kishikizo kifupi cha bolti, kilichokusudiwa waya wa chuma, unaiponda, na nyuzi zinaanza kupoteza mwanga hapo hapo au baada ya miezi michache. Kila kishikizo kimetengenezwa kwa unene fulani wa kebo. Milimita moja ikizidi au kupungua, hakishiki.

La tatu ni upepo. Wengi wanaogopa dhoruba, lakini kinachochosha kebo ndefu iliyokazwa ni upepo mwepesi usiokoma, kama kusi wa katikati ya mwaka. Upepo wa namna hiyo unaifanya kebo itetemeke haraka na kidogo kidogo mchana kutwa, na mtetemo unakwenda kuishia kwenye kishikizo. Kwenye nguzo za mita 50 za mtaani si tatizo. Kwenye masafa marefu, kama kuvuka bonde au mto, agiza vizuia mtetemo pamoja na kebo. Na popote utakapopita chini ya minazi, iwe Kigamboni au Mbezi Beach, kata makuti kwanza, maana hakuna ganda la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya kuti bichi linaloanguka kutoka juu.

Sasa tupande kwenye minara.

Watu wengi husikia kwamba ADSS haina chuma, wakahitimisha kwamba haiguswi na umeme. Kwenye laini za kilovolti 132 na 220, hitimisho hilo limeharibu kebo nyingi duniani, na hali ya hewa ya Dar ni ile ile inayolisha tatizo. Kuzunguka kondukta za msongo mkubwa kuna uwanja wa umeme. Kebo iliyotundikwa ndani ya uwanja huo inapata volti kwenye uso wake, ingawa haijagusa chochote. Kebo ikiwa safi na kavu, volti hizo hazina pa kwenda. Lakini pwani kebo haikai safi. Chumvi inakuja na upepo wa bahari, vumbi linatoka barabarani na kwenye viwanda, na kiangazi vyote vinagandamana juu ya ganda bila mvua ya kuvisafisha. Kisha alfajiri inakuja na unyevu. Uchafu ule ukilowa unapitisha umeme kidogo, milliampea chache, ukikimbilia kwenye kishikizo cha chuma kilichoungana na mnara. Umeme huo unapasha uso joto, sehemu fupi karibu na kishikizo inakauka, na mkondo unakatika pale. Volti zote zinajikusanya kwenye ukanda ule mkavu wa sentimita chache, na cheche inaruka. Kesho alfajiri tena, na keshokutwa.

Kila cheche inaunguza ganda kidogo. Baada ya miezi au miaka ganda linatoboka, maji yanaingia kwenye aramidi, na aramidi iliyoungua inaachia. Kebo inaanguka siku ambayo hakuna upepo wala mvua, na anayekuja kuchunguza anadhani imekatwa. Jambo hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito na kila anayepanga kupita kwenye minara, kwa sababu halionekani ukiwa chini, na kifaa cha kupima nyuzi hakilioni mpaka kioo kiguswe.

Kinga ipo, na iko kwenye aina ya ganda. Ganda la kawaida la polithini linafaa pale kebo itakapotundikwa kwenye volti za uwanja zisizozidi kilovolti 12. Ganda maalumu linalostahimili cheche, ambalo kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa AT, linakwenda hadi kilovolti 25 hivi. Angalia vizuri: hizo ni volti za mahali kebo inaponing'inia. Volti za laini ni namba nyingine kabisa. Mhandisi anapaswa kukokotoa uwanja wa umeme kwa kila aina ya mnara na kuchagua pointi ya kufungia ambapo uwanja ni mdogo; kushusha au kupandisha pointi hiyo mita moja kunaweza kubadilisha jibu. Kwa kilovolti 33 polithini inatosha. Kwa 132 kando ya bahari, agiza AT wala usibishane na mhasibu. Kwa 220, AT pamoja na hesabu iliyoandikwa na kusainiwa. Kwa 400, achana na ADSS.

Hapo ndipo OPGW inapochukua nafasi. Huu ni ule waya wa ethi wa juu kabisa ya minara, unaopokea radi ili kondukta zisipigwe, ila ndani yake kuna kibomba cha chuma kisichoshika kutu chenye nyuzi za kioo. Kwa kuwa umeungana na ethi ya mnara, tatizo la cheche za ukanda mkavu haliuhusu. Uko juu, mbali na mikono ya watu, mbali na malori na makuti. Wenye shirika la umeme wanaupenda kwa sababu unafanya kazi mbili: kinga ya radi, na njia ya mawasiliano kati ya vituo vya kupoza umeme. Rilei za ulinzi, yaani vifaa vinavyogundua hitilafu, za pande mbili za laini zinahitaji kuzungumza kwa milisekunde ili zijue hitilafu iko ndani ya laini yao au nje, na kazi hiyo haikabidhiwi kwa mtandao wa simu.

Ukijenga laini mpya, swali limejibiwa: waya wa ethi utawekwa kwa vyovyote, basi uwe na faiba. Nyongeza ya gharama ni ndogo ukilinganisha na mnara na kondukta. Kwa laini za kilovolti 400, kama ile inayotoa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwenda Chalinze, sioni hata mjadala wa kuanzisha.

Laini ya zamani ndiyo inayoleta mjadala. Kubadilisha waya wa ethi uliopo kunahitaji laini izimwe, au mbinu za kufanya kazi ikiwa na umeme ambazo zinataka timu na vifaa maalumu. Jiji linalokua haraka halipendi kusikia laini kubwa inazimwa kwa siku kadhaa. ADSS ya ganda la AT inaweza kupandishwa bila usumbufu wa kiasi hicho, na hapo ndipo ninapoikubali kwenye kilovolti 132: laini iliyopo, waya wa ethi bado mzima, na hesabu ya uwanja wa umeme imefanyika kweli. Kama waya wa ethi wenyewe umechakaa na utabadilishwa ndani ya miaka michache, subiri uweke OPGW mara moja.

OPGW inaagizwa kwa namba mbili ambazo muuzaji wa kawaida hatakukumbusha: mkondo wa hitilafu itakaoubeba, na kwa muda gani kabla vivunja mkondo havijafunguka. Karibu na vituo vikubwa kama Ubungo na Kinyerezi mikondo ya hitilafu ni mikubwa kuliko katikati ya pori, kwa hiyo waya unaotosha kilometa 80 kutoka kituoni unaweza kupata joto la hatari kwenye kilometa ya kwanza. Wengine huweka waya mnene zaidi kwenye minara ya kwanza tu. Ni uamuzi mzuri.

Kampuni ya simu au intaneti nayo ina jambo la kutafakari kabla ya kukodi nyuzi ndani ya OPGW. Ni njia imara, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeitumia miundombinu ya umeme kwa masafa marefu. Lakini mafundi wako hawatapanda mnara huo. Hitilafu ikitokea, unasubiri timu ya mwenye laini na ruhusa ya kuzima, na wateja wako wanasubiri pamoja nawe. Kwa njia ya Dar hadi Morogoro inakubalika, hasa ukiwa na njia ya pili. Kwa kuunganisha mitaa ya Sinza, haina maana.

Tushuke ardhini. Huku mjadala wa Dar ni mfupi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu adui mkuu ni kijiko cha mtambo wa kuchimbia. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilifumua Barabara ya Morogoro, kisha zikafuata Kilwa, Nyerere na Bagamoyo. Kati ya Kimara na Kibaha barabara ikapanuliwa hadi njia nane. Kila aliyezika kitu kwenye hifadhi ya barabara alitakiwa kukihamisha. Kebo yenye deraya ya bati la chuma na maganda mawili, ambayo madukani hujulikana kwa alama GYTA53, inazuia meno ya panya, mawe na uzito wa udongo. Kijiko haikizuii hata kwa sekunde moja. Ukiizika moja kwa moja, kuihamisha maana yake ni kuifukua yote.

Kwa hiyo kwenye barabara kuu za jiji nachagua mabomba ya plastiki ngumu, ya milimita 40 kwa kawaida, yakiwa walau mawili pale unapohitaji moja, na chemba kila baada ya umbali wa kuvuta au kupuliza kebo. Ndani ya bomba kebo nyepesi inatosha. Gharama ya kuchimba mtaro na vibali vya TANROADS au TARURA ni ile ile ukiweka bomba moja au mawili, na bomba tupu litakuokoa siku unapohitaji kupitisha kebo ya pili bila kuchimba tena. Kuzika moja kwa moja kebo yenye deraya nakuachia kwa njia za pembezoni, tuseme Mkuranga au Bagamoyo mashambani, ambako barabara haitapanuliwa kesho na mabomba yatakula bajeti nzima.

Maji ni suala la chemba zaidi ya kebo. Karibu na bonde la Msimbazi, na maeneo mengi yenye mchanga na maji ya juu, chemba hujaa masika na hukaa hivyo. Kebo nzuri ina jeli au uzi unaovimba ukilowa, kwa hiyo maji hayatembei ndani yake. Yanaingilia kwenye kasha la viungo lililofungwa kwa haraka jioni. Nunua makasha ya IP68, yasiyoingiza maji hata yakizama, na mlipe muungaji kwa kazi iliyopimwa badala ya idadi ya makasha aliyofunga kwa siku.

Kuna kosa moja la kebo za chuma ardhini ambalo linahusu wenye umeme moja kwa moja. Hitilafu kubwa ikitokea kwenye kituo cha kupoza umeme, ardhi yote ya kituo hupanda volti kwa muda mfupi, hata kufikia maelfu ya volti ukilinganisha na ardhi ya mbali. Deraya ya chuma inayoingia kituoni kutoka barabarani inazibeba volti hizo hadi chemba ya kilometa moja mbele, ambako kuna mtu aliyepiga magoti akiunga faiba. Kipande cha mwisho kinachoingia kituoni kiwe hakina chuma kabisa, hata kama safari nzima imetumia kebo ya deraya. Kwa kinga ya panya kuna aina yenye nyuzi za kioo zilizozungushwa badala ya bati. Liandike sharti hili kwenye zabuni kwa herufi kubwa.

Na wezi wa vyuma chakavu? Wanakata faiba wakidhani ni shaba, kisha wanaiacha pale pale. Kebo isiyo na chuma haina la kuwapa, na hilo ni jambo lingine la kuhesabu upande wa ADSS, ingawa aliyekwisha kukata amekwisha kukata. Maandishi ya wazi kwenye vibao vya nguzo, kwa Kiswahili, kwamba ndani hamna shaba, hugharimu kidogo sana.

Kuvuka kwenda Kigamboni kunastahili neno. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680, na mlango wa bahari una meli. Wazo la kuning'iniza kebo juu ya maji liondoke kichwani. Omba njia ya mabomba darajani, tumia kebo isiyo na chuma, na acha mzunguko wa kebo ya ziada kwenye viungio vya upanuzi, kwa sababu zege hurefuka na kufupika kwa joto huku kebo iliyokazwa ikivutwa.

Dramu zikifika kutoka bandarini, zipime zote kwa OTDR, kifaa cha kupima nyuzi, zikiwa bado uwanjani, uzi kwa uzi, na linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Kebo iliyoumia safarini ni mali ya muuzaji siku hiyo. Ikishapanda nguzoni ni mali yako. Soma pia maandishi yaliyopigwa kwenye ganda: umbali wa nguzo, aina ya ganda, mwaka. Kisha weka stoo mita mia kadhaa za kebo ya oda ile ile pamoja na vishikizo vyake. Kebo ya kampuni nyingine itakayonunuliwa baada ya miaka mitatu itakuwa na nyuzi zilezile na unene tofauti, na usiku ambao lori limeikata Tabata, hakuna kishikizo kitakachoishika.